Mufereji wa mukojo ukifungana: namna ngozi ya ndani ya shavu inautengeneza

Kuna ugonjwa wa wanaume wenye hauzungumzwi sana mu jamaa zetu. Mukojo unatoka mwembamba kama uzi, mutu anakamua kwa dakika nyingi, kisha siku moja unakataa kabisa. Wanamuweka sonda, anarudi nyumbani, na kisha miezi michache ni vilevile tena. Wengine wanamwambia ni prostati. Wengine wanasema amerogwa. Kumbe mara nyingi ni kovu lenye limefunga mufereji wa mukojo.

Kovu hilo haliondoki kwa dawa ya kunywa, ikuwe ya farmasi ao ya majani. Lakini kuna upasuaji wenye kutengeneza mufereji: munganga anakata kipande cha ngozi laini ndani ya shavu ya mugonjwa mwenyewe, na anakishona ku mufereji kama kiraka. Tunaeleza hapa ugonjwa huo unatoka wapi, juu ya nini kupanua mufereji kila mara hakumalizi shida, na mambo gani mugonjwa anapaswa kuuliza mbele ya kukubali kupasuliwa.

Mufereji wenye tunazungumzia

Mukojo unatengenezwa mu mafigo, unashuka mu kibofu, kisha unatoka kupitia mufereji mumoja. Kwa mwanamuke mufereji huo ni mufupi, karibu sentimeta 4. Kwa mwanaume unafika kati ya sentimeta 18 na 20. Unatoka ku kibofu, unapita katikati ya prostati, unapita ndani ya musuli wenye kuzuia mukojo, unapinda nyuma ya makende, kisha unafuata uume mupaka ku ncha. Njo maana ugonjwa huu unapiga wanaume zaidi. Wanawake wanaweza kuupata pia, lakini ni mara chache.

Mufereji wa mwanaume umezungukwa na nyama laini kama eponji, yenye kuwa na damu nyingi. Nyama hiyo ikiumia, inapona kwa kovu. Kovu ni gumu, halinyooki, na likikauka linajivuta. Ku mukono kovu linavuta ngozi tu. Ndani ya mufereji linafunga njia. Pahali linapatikana zaidi ni kwenye kona ile ya nyuma ya makende, pahali mutu anakalia akiwa juu ya kinga.

Kovu linatoka wapi

Sababu ya kwanza ni kuumia. Mutu anaanguka huku amepanua miguu: juu ya chuma cha kinga, juu ya ubao wa chukudu, juu ya tawi la muti, ku ukingo wa shimo la kuchimba madini. Mufereji unabanwa kati ya kitu kigumu na mufupa. Siku ile kunaweza kutoka damu kidogo tu, mutu anapona, anasahau. Kovu linakuja kufunga kisha miezi, ao hata kisha miaka.

Aksida za moto na za gari, ao kuangukiwa na udongo mu shimo, zinaweza kuvunja mufupa wa nyonga. Hapo mufereji unaweza kukatika kabisa, pale unapita chini ya prostati.

Sababu ya pili ni sonda. Sonda yenye kuingizwa kwa nguvu, sonda kubwa kupita kipimo, sonda yenye kukaa miezi bila kubadilishwa, ao balo la sonda lenye kujazwa maji mbele halijafika mu kibofu, vyote vinachana mufereji ndani. Hii njo sababu tunaweza kuepuka zaidi. Ikiwa sonda inakataa kupita, haifai kusukuma.

Sababu ya tatu ni kisonono chenye hakikutunzwa muzuri. Usaha ukiisha, mutu anafikiri amepona, lakini mufereji ulikwisha kuungua. Kutunzwa mapema, pamoja na mwenzako wa ndoa, kunakinga mufereji.

Kuna pia ugonjwa wa ngozi wenye kufanya ncha ya uume ikuwe nyeupe na ngumu, na unaweza kupanda polepole ndani ya mufereji. Wanganga wanauita liken sklerozi. Wengine walipasuliwa wangali watoto juu walizaliwa na tundu la mukojo chini ya uume, kisha kovu likabaki. Na kwa wengine hakuna sababu yenye kuonekana.

Alama zenye haifai kuzoea

Ugonjwa unakuja polepole, njo maana wanaume wengi wanauzoea. Angalia alama hizi:

- mukojo unatoka mwembamba, unagawanyika mara mbili, ao unarushwa pembeni;
- unapaswa kukamua tumbo ili utoke, na unakawia kumaliza;
- ukimaliza, matone yanaendelea kutoka na kulowanisha nguo;
- unasikia kama kibofu hakijaisha, unaamuka usiku mara nyingi;
- mukojo unachoma, unanuka, ao uko na damu, na antibiotiki inatuliza kwa siku chache tu;
- kende moja linavimba na kuuma.

Prostati kwa kawaida inaanza kusumbua kisha miaka 50. Kijana wa miaka 25 ao 35 mwenye mukojo wake umekuwa mwembamba, zaidi sana ikiwa alianguka, aliwekwa sonda ao alipata kisonono, anapaswa kwanza kufikiri kovu. Muzee naye anaweza kuwa na vyote viwili.

Ukiacha, kibofu kinafanya kazi kwa nguvu mupaka kinachoka. Mukojo wenye kubaki ndani unaoza na kufanya mawe. Usaha unaweza kukusanyika chini ya ngozi na kupasuka. Hapo mukojo unaanza kutoka kwa matundu nyuma ya makende, sawa vile maji yanatoka ku kopo la kumwangilia bustani. Hatari kubwa zaidi ni mafigo. Mukojo ukikosa njia ya kushuka, unasukuma kurudia juu, na mafigo yanaharibika bila kuuma. Mutu anakuja kujua wakati amevimba miguu na damu imejaa uchafu.

Tusichanganye mambo: hii haiko ile fistula ya wanawake yenye inatunzwa ku hospitali ya Panzi, Bukavu. Fistula ya wanawake ni tundu lenye kuachilia mukojo. Huku ni njia yenye imefungana. Lakini haya ni yaleyale, na haya hiyo njo inachelewesha watu.

Vipimo vya lazima

Munganga anaanza kwa kuuliza historia yako: aksida, sonda, magonjwa ya zinaa, upasuaji wa zamani. Mwambie yote. Kuficha kisonono cha miaka kumi ya nyuma kunaweza kumupoteza.

Kisha anaomba kupima mukojo ku laboratwari, ili kutafuta mikrobi, na kupima damu ili kujua kama mafigo yanafanya kazi. Ekografi inaonyesha mafigo, kibofu, na mukojo wenye kubaki ndani kisha kukojoa. Pahali kuna chombo cha kupima mwendo wa mukojo, mwanaume muzima anapita mililita 15 kwa sekonde wakati unatoka kwa nguvu zaidi. Chini ya 10, mara nyingi kuna kizuizi.

Lakini kipimo chenye kuamua ni radiografi ya mufereji. Wanaingiza polepole maji ya dawa yenye kuonekana ku picha kupitia ncha ya uume, na wanakamata picha ukiwa umelala kiubavu. Ikiwezekana wanakamata ingine wakati unakojoa. Picha hiyo inaonyesha kovu liko wapi na liko na sentimeta ngapi. Upasuaji gani utafanywa inategemea urefu huo. Kukubali kisu bila picha hiyo ni kutembea usiku bila taa.

Juu ya nini kupanua kila mara hakumalizi

Njia ya zamani zaidi ni kupanua. Munganga anapitisha vyuma vyembamba, kisha vinene zaidi, vyenye mu hospitali zetu vinaitwa beniké. Njia ingine ni kukata kovu kutoka ndani, kwa kisu kidogo chenye kupita mu chombo chenye taa. Munganga wa Ujerumani Hans Sachse njo alieneza kisu hicho mu miaka ya 1970.

Njia hizo mbili ziko na kazi yake. Ikiwa kovu ni fupi, na ni mara ya kwanza, wengine wanapona kabisa. Lakini kwa wengi njia inafungana tena, na hapo njo hesabu inabadilika. Kila kupanua kwa nguvu ni kuchana upya, na kila kuchana kunaleta kovu jipya juu ya lile la zamani. Kovu lenye lilikuwa na sentimeta 1 linakuwa refu zaidi. Ikiwa imefungana mara ya pili ao ya tatu, nafasi ya kupona kwa njia ileile inabaki ndogo sana.

Angalia pia feza. Mutu mwenye kupanuliwa kila miezi 3 kwa miaka 5 anaenda ku hospitali mara 20. Ni safari 20, siku za kazi zenye kupotea, dawa, na kila mara hatari ya mikrobi kuingia mu damu. Kisha yote hayo kovu liko lingali pale, na refu kuliko mwanzo. Kupanua kunaweza kusaidia mutu mwenye hana nguvu za kupasuliwa. Lakini kijana mwenye nguvu anastahili kuelezwa kama kuna njia ya kutengeneza.

Kukata na kuunga, ao kuweka kiraka

Ikiwa kovu liko kwenye kona ya nyuma ya makende na halipite sentimeta 2 hivi, munganga anaweza kufungua, kukata kipande kibaya chote, na kuunga ncha mbili zenye uzima. Kwa makovu mafupi, njia hiyo inashinda zote: zaidi ya wagonjwa 9 juu ya 10 wanabaki muzuri.

Ikiwa kovu ni refu, ncha mbili haziwezi kufikiana. Ukizivuta kwa nguvu, uume utapinda ao utakuwa mufupi. Hapo njo wanatumia kiraka: hawatoi mufereji, wanaupasua kwa urefu pale umefungana, na wanashona ngozi mupya ili upate upana.

Zamani kiraka kilitoka ku ngozi ya uume ao ya mufuko wa makende. Ya makende ilileta shida: nywele zinaendelea kuota ndani ya mufereji, na mawe yanashika ku nywele. Ngozi ya mudomo haina nywele. Mu mwaka wa 1894, munganga Kirill Sapezhko, kule Kiev, alitumia ngozi ya ndani ya mudomo kutengeneza mufereji. Mu 1941, Graham Humby aliitumia ku mutoto kule London. Kisha jambo hilo likasahauliwa kwa miaka mingi, mupaka mwaka wa 1992, wakati wanganga wa Ujerumani na wa Italia walirudilia. Mu 1993 wanganga wa Misri, kwetu huku Afrika, walitangaza kazi yao kwa wanaume wenye mufereji umefungana. Mu 1996 Guido Barbagli, wa Italia, alionyesha namna ya kuweka kiraka upande wa mugongo wa mufereji, pahali kinashikiliwa muzuri. Wanganga wa India walizidisha njia zingine, hata kwa makovu yenye kufunga mufereji karibu wote.

Juu ya nini shavu? Ngozi ile iko na juu nene na chini nyembamba, inapitisha damu haraka, inazoea kukaa na maji siku zote, haiogopi mikrobi sana, na inapona upesi. Kidonda kinabaki ndani ya mudomo, hakuna mutu atakiona. Tena kiraka kinatoka mu mwili wako mwenyewe. Mwili haukikatai, na hakuna kitu cha kuagiza Ulaya. Kinachohitajika ni munganga mwenye amefundishwa, dawa ya usingizi, uzi mwembamba na usafi. Njo maana upasuaji huu unaweza kufanyika hata mu inchi zenye feza kidogo.

Siku ya upasuaji

Mbele ya upasuaji, mikrobi za mukojo zinatunzwa kwanza. Mara nyingi mufereji unaachwa upumuzike kwa majuma kadhaa: hawaingizi kitu tena, na ikiwa mukojo hautoki, wanaweka sonda ya tumbo, chini ya kitovu, yenye kwenda moja kwa moja mu kibofu. Meno yenye kuoza na vidonda vya mudomo vinatunzwa. Tumbaku inaachwa, ya kuvuta na ya kutafuna, juu inazuia kiraka kushika.

Mugonjwa analalishwa kabisa, mara nyingi kwa mupira wenye kupita mu pua ili mudomo ubaki wazi. Munganga anafungua nyuma ya makende ao chini ya uume na anapima kovu. Anakamata mu shavu kipande chenye upana wa sentimeta 2 ao 2 na nusu, na urefu wa sentimeta 4 mupaka 6. Ikihitajika anakamata pia ku shavu ya pili. Anaepuka tundu dogo lenye kutoa mate, karibu na jino kubwa la juu. Kipande kinasafishwa mafuta yote, kisha kinashonwa ku mufereji juu ya sonda.

Kiraka kimekatwa ku mwili, hakina damu yake. Siku 2 za kwanza kinakunywa tu maji ya nyama yenye iko chini yake. Kisha mishipa midogo inaungana, na kufika siku ya 4 ao ya 5 damu inaanza kupita. Njo maana siku hizo za kwanza mugonjwa anapaswa kutulia. Kiraka kikitikisika ao damu ikijikusanya chini yake, kinakufa.

Kisha upasuaji

Mudomo unauma siku chache. Unaanza kwa vitu vya maji na baridi, kisha uji, kisha chakula cha kawaida, na unasukutula mudomo kwa maji ya chumvi. Wamoja wanasikia shavu limekufa ganzi ao mudomo haufunguki muzuri. Kwa wengi inaisha kisha majuma ao miezi.

Sonda inakaa karibu majuma 3. Usiivute, na usikubali mutu aitoe mbele ya wakati. Wakati wa kuitoa, radiografi ingine inaonyesha kama mufereji umeshika. Usipande moto wala kinga na usinyanyue mizigo mizito mupaka munganga akubali. Kwa mambo ya kitanda, ngojea karibu majuma 6.

Wanaume wengi wanaogopa kupoteza nguvu za kiume, na wengine wanakimbia upasuaji juu ya hiyo tu. Ukweli ni huu: wamoja wanasikia nguvu zimepunguka miezi ya kwanza, na kwa wengi zinarudi. Matone kisha kukojoa yanaweza kubaki. Unafinya polepole nyuma ya makende ili kuyatoa. Upasuaji unaweza pia kushindwa. Kwa ujumla, kiraka cha shavu kinafaulu kwa wagonjwa 8 mupaka 9 juu ya 10 mu miaka ya kwanza. Lakini kovu linaweza kurudi hata kisha miaka, basi mutu anaendelea kupimwa.

Si wote wanapasuliwa mara moja

Ikiwa mufereji umeharibika sana, munganga anafanya kazi mara mbili. Kwanza anafungua na kulaza kiraka, mugonjwa anakojoa kwa kuchutama kupitia tundu. Kisha miezi 6 hivi, kiraka kikiwa laini, anafunga mufereji. Kwa muzee mwenye kuchoka na upasuaji, tundu hilo la nyuma ya makende linaweza kubaki siku zote: anachutama, lakini mafigo yake yanapona.

Mwenye mufereji wake ulikatika juu ya mufupa wa nyonga kuvunjika, kwa kawaida anabaki na sonda ya tumbo karibu miezi 3, kisha ncha mbili zinaungwa bila kiraka. Sonda ya tumbo haimaanishe maisha yamefungwa. Ni daraja ya kungojea.

Pahali pa kuanzia, na maulizo ya kubeba

Anza ku kituo cha afya cha kwenu, omba barua ya kukutuma ku hospitali jenerali ya eneo lenu la afya, na kule omba kuona munganga wa urolojia, ao mupasuaji mwenye kujua kazi hii. Beba picha na matokeo yote ya zamani. Usiache kopi moja nyumbani. Kisha uliza:

1. Kovu langu liko na sentimeta ngapi, na liko wapi?
2. Mara ngapi munakwisha kufanya upasuaji huu hapa?
3. Munapendekeza kupanua, kuunga ao kiraka, na juu ya nini?
4. Bei yote ni ngapi, pamoja na dawa ya usingizi, sonda, siku za kulala na radiografi ya mwisho?
5. Ikishindwa, njia ya pili ni gani?

Munganga muzuri hakasirikii maulizo hayo. Ikiwa hospitali haina mwenye kujua kazi hii, ni bora kuwekewa sonda ya tumbo na kutumwa mbali, kuliko kukubali majaribio. Upasuaji wa kwanza njo uko na nafasi kubwa ya kufaulu. Wa pili unakuta kovu lingine.

Wakati wa kukimbia bila kungojea

Kimbia ku hospitali siku ileile ikiwa mukojo umekataa kabisa na tumbo limejaa. Ikiwa una homa na kutetemeka pamoja na shida ya kukojoa. Ikiwa pahali nyuma ya makende pamevimba, pamekuwa peusi ao panatoa usaha. Ao ikiwa kisha kuanguka damu inatoka ku ncha ya uume. Katika hali hii ya mwisho, usikubali sonda isukumwe mbele munganga hajakuangalia, juu sonda inaweza kumalizia kukata mufereji wenye ulichanika nusu.

Na wewe muke, mama ao ndugu mwenye unaona mwanaume wa nyumba anakawia sana mu choo, anaamuka kila saa usiku na anaficha nguo zenye kulowana: mwambie kwa upole, na umusindikize.